Pembe Tupu ya Mchemraba

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeanza kabla ya mapambazuko, na mimi sikuhisi kitu. Naliandika hilo mwanzo kwa kuwa ni taarifa, si malalamiko. Mtu aliyezoea kupanda juu ya meza za bwalo la chuo na kuwainua mamia kwa sentensi moja, mtu ambaye wenzake humwita Kipaza, leo ameketi dirishani asubuhi nzima akitazama maji yakijaza ndoo. Ndoo ilipofurika hakuinuka kuimwaga.

Baba alizikwa mwishoni mwa Januari. Sikulia. Muda mfupi baada ya maziko Mama alianguka jikoni. Kiharusi kikauchukua mkono wake wa kushoto na kuuacha ukining'inia kama kitu alichoshikishwa na mtu mwingine. Nikaahirisha muhula, nikarudi nyumbani. Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa Mei tuhame. Chumba cha mbele, karakana ambamo Baba alishona makochi ya watu maisha yake yote, anataka kukigeuza duka. Kwa hiyo swali ni moja, nalo ndilo litakalotawala masika haya: Mama ataishi kwa nani?

Mkono ule yeye anauita Mgeni.

"Mgeni bado amelala," aliniambia leo nilipokuwa nikimvisha. "Usimwamshe, ametoka mbali."

Nilipaswa kucheka. Nililiona hilo kama mtu aonavyo kibao cha barabarani akiwa ndani ya gari linalokwenda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepika, tumekula, nimeosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameniuliza juu ya tasnifu. "Hiyo karatasi wanayokudai chuoni inahusu nini hasa? Majirani wakiniuliza nasema hesabu, wananyamaza. Na mimi nataka ninyamaze huku najua."

Nikachukua boksi la sabuni. "Fikiria maswali matatu ya ndiyo au hapana, Mama. Kuna namna nane za kuyajibu yote kwa pamoja. Boksi lina pembe nane. Kila pembe ipe namna moja ya majibu, na uhakikishe kwamba ukitembea juu ya ukingo mmoja, kutoka pembe hadi pembe ya jirani, unabadilisha jibu moja tu."

"Na maswali yakiwa kumi?"

"Basi ni boksi ambalo hakuna aliyewahi kuliona, lakini tunaweza kulihesabu."

"Kama mshahara wa baba yako."

Nikaendelea. Grafu, nilimwambia, ni vituo na njia zinazoviunganisha. Mimi nachunguza zile zinazoweza kukaa ndani ya maboksi ya namna hiyo bila kupindishwa: hatua unazotembea kutoka kituo kimoja hadi kingine ziwe sawasawa na idadi ya majibu yanayovitofautisha vituo hivyo viwili. Si kila umbo linakubali. Pembetatu haiingii hata ukiilazimisha, kwa sababu anayetaka kurudi alikoanza hana budi kulirudisha kila jibu alilolibadilisha, na hatua zake lazima ziwe shufwa.

"Tatu haziingii," alisema Mama, akamtazama Mgeni mapajani. "Na watoto wangu ni watatu."

Hakukusudia kitu. Aliomba chai.

Jumatatu, 10 Machi

Jana sikumweleza sehemu ninayoipenda, au niliyoipenda nilipokuwa bado napenda vitu. Kila swali huikata grafu katika pande mbili, na njia fupi kati ya vituo viwili haivuki mkato uleule mara mbili. Ewe msomaji, kama upo, tazama uzuri wa kanuni hiyo: maumbile yenyewe yanamkataza mwenye haraka kugeuka-geuka!

Juu ya hapo kuna kanuni ya wengi. Chukua vituo vitatu vyovyote. Katika kila swali fuata jibu la viwili dhidi ya kimoja. Utapata pembe moja iliyo katikati ya vyote vitatu, iliyo kwenye njia fupi baina ya kila jozi. Mimi ndiye niliyelifanya hilo kuwa utaratibu wa baraza la wanafunzi: kura ya jambo kwa jambo. Tulimaliza mgogoro wa mabweni kwa utaratibu huo. Nilishangiliwa.

Msimamizi wangu amenirudishia sura ya pili akiwa ameandika jambo moja tu pembeni, pale nilipotaja duara la vituo sita. Mchemraba ukiuondolea pembe mbili zinazokabiliana, sita zilizobaki hufanya duara, na duara hilo hukaa ndani ya mchemraba bila kupindishwa. Lakini ukichukua vituo vyake vitatu, kimoja ukichukue na kimoja ukiruke, katikati yao iko kwenye pembe iliyoondolewa. Nimeiita pembe tupu na kuiaga kwa sentensi moja, "kasoro ndogo isiyoathiri hoja." Yeye kaandika: *Mfano sahihi. Mbona umeupita mbio?*

Jumatatu, 17 Machi

Katibu wa baraza amepiga simu. "Kipaza! Umezimwa au betri imekwisha? Huku wanataka kupandisha ada, na sisi tumebaki na watu wanaosoma hotuba kama risiti."

Nilimwahidi ukurasa mmoja. Niliandika neno "Wanazuoni", nikaweka alama ya mshangao, nikalitazama mpaka kuni zikaisha jikoni.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mwenye nyumba amekuja kupima karakana kwa hatua za miguu. Hakuvua kofia.

Jumamosi, 5 Aprili

Kaka amepiga kusema atakuja wiki ijayo "kulimaliza suala la Mama". Kaka ni msimamizi wa ghala la saruji. Nyumbani tunamwita Bosi tangu alipokuwa mdogo, na ukubwani amelichukua jina kama cheo. Dada naye amepiga, kusema vivyo hivyo kwa sauti ya chini. Yeye ni muuguzi, na amezoea kusema mambo makubwa karibu na watu waliolala.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika kila kitu, kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Walifika mchana, wamelowa. Mama alikuwa amekula, amelala chumbani, na baina ya chumba chake na sebule hakuna mlango, kuna pazia. Hilo nilikuwa nalijua. Nimeishi katika nyumba hii miaka yote.

"Mama anakwenda kwangu," alisema Bosi kabla hajavua koti. "Hapo hapana mjadala. Vyumba vinne, maji ndani."

"Na mchana atakaa na nani?" Dada akamuuliza. "Wewe ghalani, wifi kazini. Atazungumza na televisheni?"

"Kwako je? Ghorofa ya tatu, na lifti haijasogea tangu jengo lizinduliwe. Utambeba mgongoni kama gunia?"

"Mimi najua kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Wewe unajua kugeuza saruji."

"Kwangu," nikasema mimi. "Nitapanga chumba karibu na chuo. Nitahudhuria masomo ya asubuhi tu."

Wote wawili walinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana.

"Chumba kimoja, choo cha nje," alisema Bosi. "Mama hali hotuba, Kipaza."

"Na utaacha shule kabla ya mwaka kwisha," alisema Dada. "Halafu lawama itamwangukia yeye."

Mzunguko huo ulirudiwa sijui mara ngapi. Bosi alipiga meza. Dada alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalia chini ya sauti ya maji, akarudi na uso mkavu. Kila mmoja alikuwa na sababu. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Na mimi niliketi kati yao nikiwasikia kama mtu aliyezama anavyosikia watu wa ukingoni. Kisha ikanijia, bila furaha yoyote, kwamba mimi ninao utaratibu.

"Tupige kura," nikasema. "Jambo kwa jambo. Mapendekezo matatu, kila moja peke yake, ndiyo au hapana. La wawili linasimama. Na tukubaliane kabla: hakuna atakayelalamika."

Walikuwa wamechoka. Wakakubali.

Nilisimama. Mazoea tu. Na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya bwaloni, sauti ambayo kwa miezi miwili sikujua ilikokwenda. Ilirudi ikiwa nzima, pana, isiyohitaji kipaza.

"Pendekezo la kwanza! Mama akaishi kwa Bosi?"

"Ndiyo," alisema Bosi.

"Hapana," alisema Dada.

"Hapana," nikasema mimi. "Limekataliwa. Pendekezo la pili! Mama akaishi kwa Dada?"

"Hapana kabisa," alisema Bosi. Dada akasema ndiyo, akitazama vidole vyake. Mimi nikasema hapana.

"Limekataliwa. Pendekezo la tatu! Mama akaishi nami?"

Ndiyo yangu. Hapana. Hapana.

"Limekataliwa," nikatangaza, nikabaki nimesimama.

Mvua juu ya mabati. Bosi alikuwa wa kwanza kuelewa. Niliona uso wake ukibadilika kama wa mtu anayejipapasa mifukoni.

"Sasa ndiyo nini hii?" akauliza. "Tumeamua nini?"

Tulikuwa tumeamua hapana, hapana, hapana. Watu watatu, kila mmoja akimtaka Mama kwake kwa nguvu zake zote, walikuwa wamepiga kura halali na kumpeleka kwenye pembe ambayo hakuna aliyeichagua. Kasoro ndogo isiyoathiri hoja.

Nyuma ya pazia kikombe kiliwekwa juu ya sahani, polepole, kwa mkono mmoja.

"Nimesikia," alisema Mama.

Dada alikimbilia ndani. "Mama, si hivyo, sikiliza..."

"Nimesikia vizuri. Mdogo wenu ana sauti safi."

Jumapili, 13 Aprili

Walirudi makwao. Mama hakusema neno. Nilipomvisha, hakumtaja Mgeni.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hakumtaja.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Leo amesema, na afadhali angenyamaza. Ameniomba simu, amempigia Dada na kumwagiza amtafutie nafasi katika nyumba ya wazee iliyo mlimani nyuma ya hospitali, ile ambayo Dada alifanyia mazoezi ya uuguzi. Ameongea kama anayeagiza sukari.

Baada ya nusu saa Bosi alikuwa hewani, na sikuhitaji kuweka simu sikioni. "Mama yangu, nyumba ya wazee? Na mimi nina vyumba vinne? Watu watasema nini? Mwambie haendi! Kipaza, ni wewe umemtia hayo!"

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia kura ile haikuwa na maana aliyoipa, kwamba kila mmoja wetu alimtaka.

"Mwanangu," alisema, "mwaka juzi nilikuja chuoni kukusikiliza. Unakumbuka? Nilisimama juani nyuma ya vijana warefu, sikuona hata kichwa chako, lakini nilisikia. Ulisema wengi wakishaamua, aliyeshindwa haendi kununa, anabeba uamuzi kama wake. Nikapiga makofi." Akaongeza: "Kwa mikono miwili."

Nilirudi chumbani. Nilijua kwamba hapa ndipo mtu hulia, na nikasubiri. Nilisubiri mpaka kengele ya simu yangu, ile ya dawa zake za jioni, ikalia badala yangu. Nikampelekea dawa.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada amempeleka Mama kupaona. Mimi sikwenda, nilisema nina tasnifu. Nimeandika mstari mmoja na kuufuta.

Wamerudi jioni. Dada alikuwa na macho mekundu. Mama alikuwa kama alivyo sasa, kama nyumba iliyofungwa madirisha.

Jumapili, 4 Mei

Nimefanya jambo la kipumbavu, na linaloandikwa hapa chini ni matokeo yake.

Karakanani, chini ya turubai, kuna fremu ya stuli ambayo Baba hakuimaliza. Miti kumi na miwili, urefu mmoja, iliyounganishwa kwa gundi na misumari: mchemraba mtupu, haujavikwa sponji wala kitambaa. Niliubeba hadi miguuni pa Mama. Nikafunga vipande vya vitambaa vya Baba kwenye pembe tatu: mahameli nyekundu kwa Bosi, ya kijani kwa Dada, ya samawati kwangu.

"Hapa kila swali limejibiwa hapana, isipokuwa kwa Bosi," nikaeleza. "Hapa, isipokuwa kwa Dada. Hapa, isipokuwa kwangu. Hayo ndiyo tuliyoyasema siku ile. Mmoja mmoja, kila mtu alisema ndiyo, Mama. Kila mtu. Ni hesabu ya wengi ndiyo iliyozitupa ndiyo zote tatu."

Aliitazama fremu. "Mimi nilihesabu hapana sita," alisema.

"Tulikuwa tunakataana sisi. Si wewe."

"Sita, na zote kwa jina langu."

Wanazuoni wenzangu, mtu aliyewajibu wakuu wa vitivo hadharani alianza kukaza vifundo vya vitambaa!

"Na hapa?" Alinyoosha mkono wa kulia, akagusa pembe ya nne, isiyo na kitambaa, ambako miti mitatu inakutana. "Hapa anakaa nani?"

"Hakuna. Hapo ndipo kura ilipokupeleka. Ni pembe tupu."

Nikataka kusema zaidi, na ndipo nilipoona. Kidole chake kilikuwa pale ambapo mti mmoja unakwenda kwenye nyekundu, mti mmoja kwenye kijani, mti mmoja kwenye samawati. Kutoka kwa Bosi hadi kwangu ni miti miwili. Kutoka kwangu hadi kwa Dada, miwili. Hakuna pembe nyingine katika mchemraba mzima iliyo hatua moja kutoka kwa kila mmoja wetu. Mimi mwenyewe nimelithibitisha hilo katika sura ya pili, kwa alama, kwa mistari minne, na sikuwahi kulijua.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kigugumizi.

"Sawa," alisema Mama. "Hayo ni yako, yaandike. Mimi nina sababu yangu." Akamnyanyua Mgeni kwa mkono mzima, akamweka vizuri mapajani, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sitaki kubebwa ngazini. Sitaki kumngoja wifi yako siku nzima kama kifurushi. Wala sitaki uache shule halafu unitazame kila siku kwa jicho hilo ulilonalo sasa. Pale juu kuna bibi mmoja, mkono wake wa kulia ndio uliokufa. Tulikaa benchi moja. Tukiungana tunapata mtu mmoja mzima. Ameshaniuliza kama najua kufuma."

"Kwa hiyo unakwenda?"

"Nakwenda. Lakini si kwa kura yenu. Mwambie Bosi hivyo, na umwambie kwa ile sauti yako."

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia. Alikata simu. Nimefungua sura ya pili na kuifuta ile sentensi ya kasoro.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimepungua. Sura ya pili imekuwa ndefu kuliko zote. Nimethibitisha lini pembe tupu hujazwa na lini haiwezi kujazwa, na kuonyesha kwamba anayepiga kura jambo kwa jambo mahali ilipo tupu atapata uamuzi ambao hakuna aliyeutaka. Nimempigia Katibu na kumwambia utaratibu wangu wa baraza una shimo.

"Kipaza, usituchanganye," alisema. "Ulitufundisha wewe."

"Ndiyo maana nakwambia mimi."

Jumatano, 21 Mei

Msimamizi: *Sasa umepunguza mwendo.*

Jumamosi, 31 Mei

Tumehama. Bosi alikuja na lori la ghala, hakusalimia, akaanza kubeba. Nilikuwa nimemwona, masika yote, kama mtu wa kupiga meza tu. Adhuhuri nilimkuta karakanani, amepiga magoti sakafuni, amebana misumari midogo midomoni, namna ile ile ya Baba. Alikuwa anaivika fremu ya stuli. Bosi aliyekataa kujifunza ufundi ule tangu utotoni. Sponji ilikuwa imeinamia upande mmoja, na mahameli nyekundu, kijani na samawati zilikuwa zimeunganishwa kwa mshono ambao Baba angeufumua bila kusema neno.

"Usinitazame," alisema bila kufungua midomo. "Atahitaji pa kuweka miguu."

Nilimshikia kitambaa. Alipiga nyundo.

Jumapili, 8 Juni

Jua. Nimetoka chuoni asubuhi kwa basi moja. Bosi alifika kwa basi moja kutoka upande wake, Dada kwa miguu akipita hospitali. Hatukupanga saa. Tulikutana getini watatu, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulisimama mahali pamoja bila kuwa na la kugombania.

Mama alikuwa kwenye benchi na yule bibi wa mkono wa kulia. Kati yao kulikuwa na kitu kilichofumwa, kimepinda, hakijulikani kama ni soksi au kofia.

"Hawa ndio wale waliokukataa?" bibi akauliza kwa sauti kubwa.

"Ndio hao," alisema Mama. "Waangalie walivyojaa mlangoni."

Bosi aliangalia viatu vyake. Dada akaanza kupanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Walikuwa wananigombania," Mama akamwambia mwenzake. "Kwa kelele. Mpaka hawakusikia."

Mimi nilikaa chini, juu ya stuli iliyoinama. Mama alimnyanyua Mgeni, akamlaza mikononi mwangu.

"Mshike. Amechoka kukaa na wazee."

Mkono ule ulikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka, na wa moto. Waliongea juu ya chakula cha pale, juu ya lifti ya Dada, juu ya bei ya saruji. Baada ya muda mkono wangu nao ukafa ganzi chini ya uzito wake. Kisha, kidogo kidogo, ukaanza kuchoma. Sikuutoa.